Mpira wa mkojo wa silikoni tupu: unamfaa nani, na unaumiza wapi

Kwa mgonjwa atakayekaa na mpira wa mkojo (katheta, yaani bomba linaloingizwa kibofuni kutoa mkojo) kwa wiki nyingi, katheta ya silikoni tupu inastahili bei yake. Huyo ni mzee wa tezi dume anayesubiri upasuaji, majeruhi wa uti wa mgongo, au mtu aliyepata kiharusi na kibofu kikagoma kujimwaga. Anayewekewa mpira siku mbili tatu baada ya upasuaji hana haja nayo. Mpira wa kawaida wa lateksi (mpira asilia) unamtosha, mradi hana aleji ya lateksi. Hiyo ndiyo hukumu yetu. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na kasoro za kifaa hiki ambazo muuzaji hazitaji, na ambazo nyumbani zinamtesa mgonjwa kuliko lolote linalosemwa kuhusu "sumu ya silikoni".

Kwanza uwe na hakika kwamba unachonunua ni silikoni kweli. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Dukani kuna vitu viwili vyenye majina yanayokaribiana. Kimoja kimeandikwa "100% Silicone" au "All Silicone": bomba lote ni silikoni, kwa kawaida linaonyesha ndani au lina weupe wa maziwa uliofifia, na mara nyingi lina mstari mmoja mrefu unaoonekana kwenye eksirei. Kingine kimeandikwa "Siliconised" au "Silicone Coated": hicho ni lateksi iliyopakwa silikoni juu, na rangi yake huwa ya manjano au ya kaki, huoni ndani. Hata kampuni moja huuza vyote viwili. Rüsch Gold, kwa mfano, ni lateksi iliyopakwa, na Rüsch Brillant ni silikoni tupu. Folysil ya Coloplast nayo ni silikoni tupu. Kwa hiyo jina la kampuni peke yake halikupi jibu. Soma mstari unaotaja malighafi.

Tofauti hiyo inaamua mpira utakaa mwilini muda gani. Lateksi isiyopakwa kitu haipaswi kuzidi siku 7. Iliyopakwa tefloni hufika siku 28. Silikoni tupu hufika wiki 12, na hufika huko pia lateksi iliyofunikwa tabaka nene la elastoma (raba) ya silikoni lililoshikamana nayo, pamoja na iliyopakwa haidrojeli (jeli inayoshika maji). Lakini lateksi iliyopitishiwa mafuta ya silikoni ili iteleze tu, ambayo ndiyo nyingi katika mipira ya bei nafuu, haipati wiki 12 kwa sababu ya neno "silicone" lililo juu ya pakiti. Muda wake ni wa lateksi. Mgonjwa anayeambiwa arudi baada ya miezi mitatu huku amewekewa mpira wa aina hiyo ameandaliwa kuziba. Karatasi ya ndani hutaja siku. Isome kabla pakiti haijatupwa.

Pakiti yenyewe ichunguzwe tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya kutakaswa (mingi hutakaswa kwa gesi ya ethilini oksaidi) na alama ya kutumika mara moja. Karatasi iliyolowa au kutoboka imeshapoteza utakaso, hata kama mpira unaonekana safi.

Kuhusu saizi, namba ya Fr au Ch ni kipenyo cha nje kwa milimita mara tatu. Namba 16 ina milimita 5.3, namba 18 ina milimita 6. Kishikio, yaani mwisho wa nje wa mpira, kina rangi ya kimataifa: 12 nyeupe, 14 kijani, 16 chungwa, 18 nyekundu, 20 njano. Mwanamke kwa kawaida hutosheka na 12 au 14, mwanaume na 14 au 16. Namba 20 kwenda juu ni za mkojo wenye mabonge ya damu au za baada ya upasuaji wa tezi dume. Kumwekea mtu mpira mnene "ili mkojo utoke vizuri" ni kosa, maana unene husugua njia ya mkojo, huziba tezi ndogo za ute zilizo ukutani mwake na huamsha mikazo ya kibofu. Silikoni inatoa nafuu ya kweli hapa. Kwa kuwa haihitaji kupakwa kitu, ukuta wake ni mwembamba, na tundu la ndani la namba 14 au 16 ni pana kuliko la lateksi ya namba ileile. Unapata mkondo mkubwa bila kuongeza unene wa nje. Ikiwa mgonjwa alikuwa na lateksi ya 18 kwa sababu ya kuziba tu, muulize muuguzi kama silikoni ya 16 haitamfaa.

Urefu nao ni suala la usalama. Mpira wa kawaida una sentimita 40 hivi, na upo mfupi wa wanawake wenye sentimita 20 hadi 26. Ule mfupi usiwekwe kwa mwanaume kamwe. Puto (kifuko kilicho karibu na ncha, kinachojazwa maji ili mpira usitoke) litajazwa likiwa bado ndani ya njia ya mkojo au kwenye tezi dume, na hapo ni damu na kupasuka.

Tukija kwenye usalama wa malighafi, silikoni ina sifa mbili zinazoipa haki ya kuitwa bora. Kwanza, haina protini za mpira asilia, kwa hiyo haileti aleji ya lateksi. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi, ambao huwekewa mipira tangu utotoni, wamo katika kundi linalopata aleji hiyo zaidi, na aleji yao inaweza kufika hatua ya kushuka presha ghafla na kubanwa pumzi. Kwao lateksi isitumike hata siku moja. Pili, silikoni haichubui sana utando wa njia ya mkojo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Finland waliripoti wagonjwa wa upasuaji wa moyo waliopata makovu yaliyobana njia ya mkojo, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwenye kemikali zilizokuwa zikichuja kutoka kwenye katheta za lateksi. Kovu la namna hiyo ni ugonjwa wa muda mrefu. Mtu hupanuliwa njia tena na tena.

Sasa kasoro, na karibu zote ziko kwenye puto.

Silikoni hupitisha mvuke wa maji. Puto lililojazwa mililita 10 leo halitakuwa na mililita 10 baada ya wiki kadhaa, kwa sababu maji huvuja polepole kupitia ukuta wake ingawa hakuna tundu. Mwishowe puto hunywea na mpira huteleza nje wenyewe, mara nyingi usiku au mgonjwa anapogeuzwa. Ndugu hudhani ameuvuta. Baadhi ya watengenezaji hupunguza tatizo hili kwa kutoa bomba la sindano lililojazwa tayari maji yenye gliseroli kidogo. Likiwemo kwenye pakiti, litumie hilo. Mpira unaoanguka kila baada ya wiki tatu au nne wakati puto halijapasuka unamtaka muuguzi apime kiasi kilichobaki na kukijazia kati ya mabadiliko. Hiyo ni kazi ya dakika tano kliniki, lakini wengi hawaiombi kwa kuwa hawajui kwamba ipo.

Puto lijazwe maji yaliyotakaswa, yale ya kuyeyushia dawa za sindano. Maji ya chumvi ya dripu yasitumike. Chumvi hujenga chembe ndani ya mfereji mwembamba wa puto, na siku ya kutoa, maji hayarudi. Hewa haifai, maana puto huelea juu ya mkojo na tundu la mpira hubaki juu ya usawa wa mkojo. Kiasi ni kile kilichoandikwa kwenye kishikio, si pungufu. Puto lililojazwa nusu huvimba upande mmoja, ncha hupinda na kukwaruza ukuta wa kibofu. Puto la mililita 30 ni la kuzuia damu baada ya upasuaji, na halina kazi kwa mgonjwa wa nyumbani isipokuwa kumbebesha uzito kibofuni. Na tofauti na tulivyofundishwa wengi, silikoni isijaribiwe kwa kujaza puto kabla ya kuweka. Watengenezaji wengi wanakataza, kwa sababu puto la silikoni likishajazwa halirudi laini kama lilivyokuwa. Linabaki na mikunjo itakayokwaruza wakati wa kuingia.

Mikunjo hiyohiyo ndiyo kasoro kubwa siku ya kutoa. Lateksi hunywea ikashika bomba, ila silikoni hubaki na ukingo mnene kuzunguka ncha. Mgonjwa anasikia maumivu makali wakati wa mwisho, na mwenye mpira uliopitia tumboni juu ya kinena huumia zaidi, pengine mpira hukwama kabisa. Mara nyingi tatizo hutengenezwa na mkono unaovuta bomba la sindano kwa nguvu. Njia sahihi ni kuchomeka bomba tupu la sindano kwenye vali ya puto na kuyaacha maji yarudi yenyewe. Ngoja hata dakika moja au mbili. Kilichobaki kikishatoka, rudisha nusu mililita hadi mililita moja ya maji ili kunyoosha mikunjo, halafu toa mpira taratibu huku mgonjwa akitoa pumzi. Maji yakikataa kurudi kabisa, geuza kidogo mkao wa mgonjwa, jaribu bomba jingine la sindano, ongeza mililita moja kisha ngoja tena. Ikishindikana, hospitali. Usikate mpira karibu na mwili. Kipande kinaweza kurudi ndani na kumpeleka mgonjwa kwenye upasuaji ambao haukuhitajika.

Kasoro ya tatu ni ugumu. Silikoni ina mwili mgumu kuliko lateksi, na wagonjwa wengine hulalamika kibofu kukaza siku za mwanzo, mkojo ukipita pembeni ya mpira. Kabla ya kulaumu malighafi, angalia kama mpira umefungwa pajani. Mpira unaoning'inia na mfuko wenye mkojo mwingi huvuta puto kwenye shingo ya kibofu saa zote, na kwa mwanaume hukata taratibu ncha ya uume kuelekea chini hadi kuipasua. Jeraha hilo halifungi lenyewe. Ufungwe kwa kibano chake au plasta pana, ukiachiwa ulegevu kidogo, na paja libadilishwe kila siku mbili tatu.

Kuweka ni kazi ya mtu aliyefunzwa, lakini ndugu ajue ishara za kazi iliyofanyika vizuri. Jeli ni ya maji, ikiwezekana yenye lignokaini (dawa ya ganzi) asilimia 2, na huachwa dakika tatu hadi tano ifanye kazi. Mafuta ya mgando yasiguse mpira, na kwa lateksi hudhoofisha puto hadi kupasuka. Kwa mwanaume mpira huingizwa karibu hadi kwenye panda ya kishikio, na puto halijazwi mpaka mkojo umetoka. Mgonjwa akilia kwa maumivu puto linapojazwa, lazima kusimama hapohapo. Asiyetahiriwa arudishiwe govi mbele baada ya kazi. Likiachwa nyuma huvimba na kukaba, na linakuwa jambo la dharura.

Silikoni haizuii maambukizi. Tuseme hili bila kuzunguka, kwa sababu bei yake huwafanya watu waamini vinginevyo. Kwa kila siku mpira unapokuwa ndani, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7 hivi, na baada ya mwezi karibu kila mwenye mpira anao, uwe wa silikoni au la. Kuwa nao si kuugua. Mkojo wenye harufu au mawingu bila homa, bila kutetemeka, bila maumivu ya kinena, na bila mzee kuchanganyikiwa ghafla, hauhitaji antibayotiki. Kumpa dawa ni kuwafundisha bakteria usugu. Dalili zikiwepo na mpira umezidi wiki mbili, mpira mpya uwekwe kwanza ndipo kipimo kichukuliwe kutoka humo. Mkojo wa kwenye mfuko hauna maana yoyote maabara.

Zipo pia katheta zilizopakwa madini ya fedha au antibayotiki, kwa bei ya juu zaidi. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2012, lenye wagonjwa zaidi ya 7,000 wa muda mfupi, halikuona faida ya fedha, na ile ya antibayotiki ilipunguza maambukizi kidogo mno kiasi cha kutobadili matibabu. Acha.

Silikoni inachosaidia ni kuchelewesha kuziba. Bakteria aina ya Proteus mirabilis huvunja urea na kutoa amonia, mkojo unakuwa na alikali, na madini ya fosfeti yanaganda kuwa magamba kwenye ncha na tundu la mpira. Magamba hushika silikoni kama yanavyoshika lateksi, ila tundu pana huchukua muda zaidi kujaa. Ndiyo sababu mwongozo wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, wa mwaka 2009 unasema silikoni inaweza kufaa zaidi kwa wagonjwa wa muda mrefu wanaoziba mara kwa mara, na mwongozo huohuo haupendekezi kubadilisha mpira kwa kalenda tu bila sababu ya kitabibu. Wiki 12 ni mwisho, si miadi.

Mkojo ukikoma kwa saa mbili au tatu huku tumbo la chini likijaa, fuata mpangilio huu: angalia bomba halijakunjwa wala kukaliwa, hakikisha mfuko uko chini ya kibofu bila kugusa sakafu, uliza choo kikubwa kilipatikana lini kwa sababu kinyesi kigumu hubana kibofu, kisha mpeleke akasafishwe au abadilishiwe. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua asisubirishwe hata saa moja: kibofu kikijaa, presha yake hupanda ghafla, kichwa kikamuuma na jasho likamtoka, na hali hiyo huua. Mkojo unaopita pembeni usitibiwe kwa mpira mnene zaidi. Ni ama kuziba ama mikazo, na kila kimoja kina tiba yake.

Tumefika kwenye swali linaloulizwa zaidi: je, silikoni yenyewe ni sumu? Kinachotengeneza katheta ni mnyororo wa elementi ya silikoni ("silicon") na oksijeni uliounganishwa ukawa raba. Wasiwasi wa kisayansi uko kwenye molekuli ndogo za duara zinazoweza kubaki baada ya utengenezaji, zinazoitwa D4, D5 na D6. Umoja wa Ulaya uliziweka mwaka 2018 kwenye orodha ya kemikali za kutiliwa mashaka makubwa. Raba ya daraja la tiba huokwa baada ya kuumbwa ili kuzifukuza, kisha hupimwa kwa viwango vya kimataifa vya ISO 10993; katheta zenyewe zina kiwango chao, ISO 20696. Kwa hiyo daraja la malighafi ndilo jambo la kuuliza. Kashfa ya kampuni ya PIP ya Ufaransa, iliyolipuka mwaka 2010, haikuwa ya silikoni ya tiba: matiti bandia yalijazwa jeli ya viwandani isiyoidhinishwa, na mwanzilishi wake Jean-Claude Mas akahukumiwa kifungo mwaka 2013. Ile ya kampuni ya Allergan mwaka 2019 ilikuwa tofauti. Matiti bandia ya BIOCELL yaliondolewa sokoni kwa sababu ganda lake lenye mikwaruzo lilihusishwa na saratani adimu ya limfu.

Hatari kubwa ni silikoni ya majimaji inayodungwa makalioni au usoni. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijawahi kuidhinisha udungaji huo wa kuongeza umbo. Majimaji hayakai yalipowekwa: huhama chini ya ngozi, huota vinundu vigumu miaka baadaye, na yakiingia kwenye mshipa hufika mapafuni au kwenye ubongo na kuua. Hayawezi kunyonywa yote yakatoka. Anayekwambia "ni silikoni ileile ya hospitalini" anakudanganya kwa jina. Raba ngumu inayotolewa nzima baada ya wiki 12 na mafuta yanayosambaa kwenye nyama si kitu kimoja.

Kuhusu bei: silikoni tupu hugharimu mara kadhaa ya lateksi. Hesabu kwa muda badala ya kipande. Ikiwa lateksi inabadilishwa kila wiki, kwa nauli, glavu, jeli, mfuko mpya na maumivu kila safari, tofauti huisha haraka. Ikiwa mgonjwa huziba kila wiki tatu hata kwa silikoni, faida hiyo haipo, na anayestahili kuonwa ni daktari wa njia ya mkojo, kwa sababu pengine kuna mawe kibofuni. Nyumbani weka akiba ya mpira mmoja wa saizi ileile, mifuko miwili ya mililita 2,000, bomba la sindano la mililita 10 na maji ya puto. Mpira ukitoka usiku wa Jumapili, kituo kidogo cha afya kinaweza kuwa na muuguzi lakini kisiwe na silikoni ya namba 14.

Kila mpira unapotoka, itazame ncha kabla ya kuitupa. Bonyeza tundu kwa vidole vyenye glavu. Ukisikia mchanga unasagika, andika kwenye kadi ni wiki ya ngapi. Tundu likikutwa limejaa nusu katika wiki ya sita, badiliko linalofuata lipangwe wiki ya tano, na baada ya mipira mitatu utakuwa na ratiba ya mgonjwa huyo.